Nyumba ya Juja na Tatizo la Kuutafsiri Mtindo wa Prairi

Utangulizi

Mtafsiri akabidhiwapo matini ya usanifu majengo kutoka Marekani, hachelewi kukutana na nyumba inayoelezwa kuwa ni ya mtindo wa prairi. Maelezo yenyewe hayamsumbui sana: nyumba ni ya chini, imelala, paa lake lina mteremko mdogo na upenu wake umetanuka kuupita ukuta. Kinachomkwamisha ni jina. Asili ya neno hilo ni prairie ya Kifaransa, yaani uwanja wa majani. Wafaransa waliopita katikati ya Amerika ya Kaskazini waliliita hivyo eneo pana la nyasi walilolikuta huko, na Kiingereza kikalirithi neno lao. Je, sisi tuseme mtindo wa mbuga? Mtindo wa nyika? Mtindo wa uwanda? Ama tulikope neno lenyewe, tulivishe irabu zetu, na yaishe?

Katika makala hii tunanuia kuonyesha kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kamusi peke yake, kwa kuwa kila mojawapo ya maneno hayo lina dai fulani kuhusu ardhi na watu wake. Ili hoja yetu isielee hewani, tutaiegemeza kwenye nyumba moja iliyojengwa katika ardhi ya nyasi hapa kwetu: nyumba ya Juja, iliyokuwa makao ya Mmarekani William Northrup McMillan, karibu na makutano ya mto Ruiru na mto Nairobi, kusini mwa Thika na maporomoko ya Chania. Tutaisoma sambamba na nyumba ya Robie iliyoko Chicago, ambayo wahakiki wengi huichukua kuwa kilele cha mtindo wa prairi. Nyumba hizi mbili ni za rika moja. Nazo, kwa umbo, zinafanana kiasi cha kumpotosha mtu.

Mahali penyewe

Mto Chania huteremka kutoka Nyandarua hadi mjini Thika, ambako huanguka kwa kishindo karibu na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa mwaka 1908. Hapo huungana na mto Thika, na maji yao hatimaye huingia Tana. Mto Ruiru, ambao nao hutoka katika miinuko ya magharibi, hufuata njia nyingine: huungana na mto Nairobi na kuingia Athi. Athi ukishafika mbali huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Wanaisimu wenzetu hawatakosa kulitambua jina hilo la mwisho, maana ndilo walilopewa kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Maji yapitayo chini ya Juja, kwa hiyo, huishia katika mto ulioipa familia ya lugha yetu jina. Tutarudi kwa jirani zetu Wamijikenda baadaye, kwa sababu nzito zaidi.

Eneo hili la Thika, Juja na Ruiru ni ukingo. Upande wa magharibi kuna migongo ya udongo mwekundu iliyokatwakatwa na mabonde ya mito, nchi ya kahawa na mashamba ya Wakikuyu. Upande wa mashariki migongo hukoma, udongo hugeuka mweusi wa kunata, na mbele ya macho hutandaza uwanda wa Athi hadi kwenye mlima wa Kilima Mbogo, au Ol Donyo Sabuk. Wakikuyu huiita nchi ya namna hiyo weru. Mjenzi anayetoka kwenye migongo na kuingia weru hubadilishiwa kila kitu: maji, miti, upepo, hata namna jua linavyompiga.

Nyumba za kwanza za walowezi pande za Thika zilikuwa za miti na nyasi, zilizosimamishwa kwa ujuzi wa wenyeji. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walianzisha shamba huko kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliieleza nyumba ya namna hiyo katika kitabu chake The Flame Trees of Thika cha mwaka 1959. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na mabati, saruji na mbao za kupasuliwa zikawa rahisi kupatikana. McMillan hakungoja reli.

Mwenye nyumba

McMillan alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, jimbo la Missouri, mji ulio kando ya mto Mississippi. Ng'ambo ya mto huo kuna Illinois, jimbo ambalo wenyewe hulitambulisha kwa prairi. Utajiri wa familia yake ulitokana na viwanda vya kuunda mabehewa ya reli. Mwaka 1903 aligharimia msafara wa kujaribu kuufuata mto Nile ya Buluu kwa mashua, msafara ulioshindwa, kisha akajipatia maelfu ya ekari katika uwanda wa Athi. Alikuwa pande la mtu, na ukubwa wa mwili wake ulizungumzwa sana.

Kuhusu jina Juja kuna masimulizi mashuhuri kwamba McMillan alikuja na sanamu mbili za miungu kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, na kwamba wafanyakazi wa shamba walizihofu hadi zikazikwa mahali pasipojulikana. Tunayataja masimulizi haya kwa kuwa ni mfano mzuri wa elimujina ya wananchi; mwanafunzi wa fasihi simulizi angeweza kufanya kazi nzuri kwa kuyakusanya matoleo yake mbalimbali kutoka kwa wazee wa Juja na Kalimoni.

Mgeni aliyeifanya nyumba hiyo ijulikane duniani ni Theodore Roosevelt. Aliondoka katika urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na kabla ya mwaka huo kufika katikati alikuwa tayari katika uwanda wa Athi akiwinda. Kitabu chake African Game Trails cha mwaka 1910 kina sura inayohusu shamba la Juja. Humo anasema nyumba ilikuwa ya ghorofa moja tu, imezungukwa na veranda pana iliyotiwa kivuli na mimea itambaayo. Anataja vibanda na majengo mengine ya kila namna, mifugo, mashamba ya mahindi na bustani ya maua iliyokuwa mbele ya nyumba. Halafu anaongeza jambo ambalo kwa hoja yetu lina uzito mkubwa: kwamba takriban nyumba zote za Afrika Mashariki zilikuwa za namna hiyo. Roosevelt, Mmarekani aliyekaribishwa na Mmarekani, hakuona chochote cha Kimarekani katika umbo la ile nyumba.

Nyumba ya Robie

Wakati Roosevelt alipokuwa Juja, Chicago kulikuwa kunajengwa nyumba nyingine. Msanifu wake alikuwa Frank Lloyd Wright, mzaliwa wa Wisconsin wa mwaka 1867, aliyehamia Chicago mwaka 1887. Mnamo Februari 1901 Wright alichapisha katika jarida la akina mama, Ladies' Home Journal, mchoro wa nyumba aliyoikusudia kwa mji wa prairi. Kwa muda wa miaka kumi na kitu aliiendeleza fikra hiyo. Aliamini kwamba nchi tambarare ina uzuri wake, na nyumba ijengwayo humo inapaswa kuufuata ule utambarare badala ya kushindana nao. Hivyo basi aliondoa dari refu na madirisha membamba ya Ulaya. Paa akalilaza. Madirisha akayapanga safu moja kama mkanda. Kuta za ndani zilizoikata nyumba kuwa visanduku akazipunguza, na katikati akaweka mahali pa moto pakubwa, ili sebule na chumba cha kulia viwe kama ukumbi mmoja unaozunguka moto.

Nyumba ya Frederick Robie, iliyosanifiwa mwaka 1908 na kumalizika mwaka 1910, ndiyo iliyoifikisha fikra hii mbali zaidi. Matofali yake ni marefu na membamba. Saruji ya viungo vya mlalo ni ya rangi nyeupe iliyofifia nayo imezamishwa ndani kidogo ili itie kivuli. Ile ya viungo vya wima imepakwa rangi ya tofali na kusawazishwa. Matokeo yake ni kwamba jicho haliyaoni matofali mojamoja: linaona mistari mirefu inayokimbia sambamba na ardhi. Mihimili ya chuma iliyofichwa paani huliwezesha paa kujitokeza mita kadhaa bila nguzo yoyote kulikinga. Milango na madirisha yana vioo vya nakshi 174. Robie alitaka aweze kuwaona majirani bila wao kumwona. Kwa hiyo mlango mkuu umefichwa nyuma, na kuta za ubaraza zimeinuliwa kiasi kwamba mpita njia haoni lililo ndani.

Robie hakuifaidi. Madeni na talaka vilimfanya aiuze baada ya mwaka mmoja na ushei. Mara mbili, mwaka 1941 na mwaka 1957, seminari iliyoimiliki ilitaka kuibomoa. Mara ya pili Wright mwenyewe, akiwa mkongwe wa umri wa karibu miaka 90, alikwenda kuitetea. Mwaka 2019 ikaingizwa, pamoja na majengo mengine ya Wright, katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Kufanana na kutofautiana

Tukiziweka nyumba hizi mbili kando kwa kando, ya Juja na ya Robie, mtazamaji wa haraka atasema ni ndugu. Zote zimelala. Zote zina upenu mpana unaoutia ukuta kivuli. Zote, kwa namna yake, zinauangalia upeo wa macho. Na mwenye nyumba ya Juja alitoka mji unaopakana na Illinois. Ni rahisi mno, basi, kuandika kwamba mtindo wa prairi ulifika Kenya mapema kama mwaka 1909, na tunaogopa kwamba siku moja mtu ataandika hivyo.

Hapana. Ukoo wa nyumba ya Juja ni mwingine kabisa. Ni ukoo wa bangalo. Neno hili, ambalo katika miji ya Kenya linatumiwa leo kwa nyumba yoyote isiyo na ghorofa, linatokana na bangla, maana yake nyumba ya Kibengali. Waingereza waliichukua nyumba hiyo ya vijijini Bengal, wakaizungushia veranda, wakaitembeza katika makoloni yao yote ya nchi za joto. Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliingiza mafundi wengi kutoka Bara Hindi, na bangalo ikapanda nayo hadi bara. Nyumba aliyoijenga mhandisi wa Kiswidi Åke Sjögren chini ya vilima vya Ngong mwaka 1912, ambayo baadaye ilikaliwa na Karen Blixen na tangu mwaka 1986 ni makumbusho, ni binamu wa karibu wa ile ya Juja, hata kama kuta zake ni za mawe. Upenu wa bangalo ni dawa ya jua na mvua. Upenu wa Wright hufanya kazi hiyo pia, lakini kwanza kabisa ni mstari: umewekwa pale ili uonekane.

Kuna tofauti nyingine inayochekesha kidogo. Nyumba ya Robie, ile inayoitwa ya prairi, haijasimama katika prairi. Imesimama katika kona ya mtaa wa Hyde Park, mjini, katika kiwanja cha futi 60 kwa 180, yaani takriban robo ekari. Msomaji wa Ruiru au Juja, ambako kiwanja cha kawaida leo ni futi 50 kwa 100, ataona kwamba Robie hakumzidi kwa mengi. Nyasi ndefu za Illinois zilikuwa zimekwisha kulimwa zamani. Plau ya chuma cha pua ya John Deere, iliyoundwa mwaka 1837 katika jimbo hilohilo, ilikuwa imefanya kazi yake kwa miaka 70. Prairi ya Wright ni kumbukumbu, au tuseme ni sitiari. Nyumba ya Juja, kwa upande mwingine, ilikuwa imezungukwa na uwanda halisi wenye nyumbu na kongoni, na hakuna aliyewahi kuiita ya prairi.

Kwa mtafsiri hili ni jambo la kimsingi. Anachotakiwa kukitafsiri ni sitiari, na sitiari haitafsiriwi kwa kutafuta jina la mimea.

Baraza au veranda?

Kabla ya kulirudia jina la mtindo, tuchukue mfano mdogo zaidi, kwa kuwa ndani yake tatizo lote linaonekana waziwazi. Je, veranda ya Juja ni baraza?

Kamusi nyingi zitamruhusu mtafsiri aseme ndiyo. Lakini baraza ya mwambao ina kazi yake. Katika mitaa ya Lamu na Mombasa, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa nje, kandokando ya mlango. Linaelekea njiani. Mpita njia huketi, husalimiwa, huletewa kahawa, na habari za mji hupita hapo. Nyuma ya baraza kuna daka, nyuma ya daka kuna kiwanda cha wazi, kisha vyumba vilivyofuatana hadi ndani kabisa, ambako mgeni hafiki. Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi kubwa; upana wa chumba ni urefu wa mti. Hivyo baraza ni mahali pa kukutania kwa sababu kila kilicho nyuma yake ni mahali pa kujisitiri. Ndiyo maana neno lenyewe likaweza kuchukua maana ya mkutano, hata serikali ya kikoloni ikalitwaa kwa mikutano ya machifu.

Veranda ya Juja haikuelekea njiani, maana njia haikuwapo. Iliizunguka nyumba pande zote, nayo ilimwezesha mwenye nyumba kuketi kivulini akiangalia ardhi yake, wanyama wake na watu wanaomfanyia kazi. Hakuna mpita njia aliyekaribishwa kuketi. Tukiiita baraza tunampa McMillan ukarimu wa Kiamu ambao nyumba yake haikuujua (aliwakirimu sana wageni wa tabaka lake, hilo tunalikubali). Sisi tungelibakiza neno veranda hapa, ambalo tayari ni la Kiswahili cha mjini na cha shambani, na baraza tuliwekee jengo linalolistahili.

Vivyo hivyo kwa mahali pa moto pa Wright. Mtafsiri asiseme meko kwa haraka, kwa sababu meko yetu ni ya kupikia. Hata hivyo wazo la nyumba iliyopangwa kuuzunguka moto si geni hapa. Katika nyumba ya mviringo ya Kikuyu, riko, yenye mafiga yake matatu, ilikuwa katikati, na vitanda na maghala yalipata mahali pake kwa kuihesabu. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi nyumba hiyo ilivyopaswa kujengwa na kumalizika katika siku moja na moto kuwashwa ndani yake. Nyumba za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikijengwa kwenye migongo ya Ruiru na Chania wakati mabati yalipokuwa yakipakuliwa Juja. Tukitaka kumweleza mwanafunzi wa Gatundu kile Wright alichokikusudia, njia fupi zaidi inapitia nyumba ya nyanyake kuliko Chicago.

Mbuga, nyika, uwanda

Sasa turudi kwa jina.

Mbuga lina mvuto, kwani ni eneo la nyasi. Kasoro yake ni kwamba matumizi yamelisogeza. Tangu serikali zetu zilipoanza kutenga mbuga za wanyama, msikilizaji wa Kenya na Tanzania akisikia nyumba ya mtindo wa mbuga atafikiria hoteli ya watalii yenye paa la makuti na vichwa vya nyati ukutani. Kosa la maana hapa si dogo.

Nyika ndilo neno linalopendeza sikioni, na tumewahi kuliona likipendekezwa darasani. Ndilo pia tunalolipinga kwa nguvu zaidi. Nyika katika Kiswahili cha mwambao halikuwahi kuwa jina la majani tu. Lilikuwa jina la bara lililo nyuma ya mji: pori, ukavu, mahali pasipo na uungwana. Watu walioishi huko wakaitwa Wanyika. Wamishonari akina Krapf waliofika Rabai katika miaka ya 1840 wakalichukua jina hilo kutoka kwa Waswahili, wakaliandika vitabuni, na likawa jina rasmi la watu waliokuwa na majina yao. Ilibidi wenyewe, katika miaka ya 1940, wajipe jina Mijikenda ili waondokane nalo. Neno lililowafanya watu wazima kubadilisha jina la taifa lao haliwezi kutumiwa kama jina la pambo la paa.

Isitoshe, nyika hurudia dai ambalo nyumba hizi mbili zilijengwa juu yake: kwamba ardhi ilikuwa tupu. Mahali ilipo Chicago palikuwa nchi ya Wapotawatomi na jirani zao. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1833 uliwatoa, wakahamishiwa magharibi ya Mississippi. Wright alizaliwa miaka 34 baadaye, akakuta utambarare usio na watu na akaona ndio tabia ya nchi. Huku kwetu, uwanda wa Athi ulikuwa malisho ya Wamaasai, na ukingo wake wa Ruiru na Thika ulikuwa mpaka wa Wakikuyu uliosogea mbele na nyuma kwa kufuata mvua na amani. Katika miaka ya 1890 vilikuja vifo kwa mfululizo: sotoka ikamaliza ng'ombe, kisha nzige, ukame, njaa na ndui vikawapukutisha watu hadi kufikia mwisho wa karne. Wengi walionusurika walirudi nyuma kwa jamaa zao wa Murang'a na Nyeri, wakitumaini kurejea. Walipokuwa hawajarejea, likapitishwa tangazo la mwaka 1902 kuhusu Ardhi za Ufalme, ambalo chini yake ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mtu ingeweza kugawiwa walowezi. Mwaka 1904 Wamaasai wakaingizwa katika mapatano yaliyowahamisha kutoka Bonde la Ufa. Ukodishaji wa miaka 99 ukageuzwa kuwa wa miaka 999 kwa sheria ya mwaka 1915. Utupu ambao McMillan na wenzake waliukuta ulikuwa wa miaka michache tu, nao ukaandikiwa hati ya karne kumi.

Nyumba yenye veranda pande zote nne ni alama ya hati hiyo. Haiwezi kusimama isipokuwa mwenyewe ana nafasi isiyo na jirani kila upande. Hata kaburi la McMillan linasema hivyo. Alifariki mwaka 1925, na alitaka kuzikwa juu ya Kilima Mbogo, ambako angeliona shamba lake lote. Husimuliwa kwamba gari lililovuta jeneza lilishindwa na mwinamo, na akazikwa kabla ya kufika kileleni. Mjane wake, Lucie, alimjengea ukumbusho wa namna nyingine mjini Nairobi: maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo ndefu za Kigiriki na simba wawili wa mawe mlangoni, ambayo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Katika uwanda alijenga kwa mlalo. Katika mji familia ikajenga kwa wima. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanaohudhuria masomo katika kampasi ya Chiromo nao wamo katika ramani hii, kwani McMillan alikuwa na nyumba yake ya mjini papo hapo.

Linabaki uwanda. Neno hili linataja umbo peke yake: ardhi iliyo sawa, inayoonekana hadi mbali. Halisemi kama kuna nyasi au mahindi au reli. Halisemi kwamba hakuna watu. Linafaa kwa kiwanja cha robo ekari cha Hyde Park kama linavyofaa kwa Athi, kwa kuwa kile Wright alichokichukua kutoka prairi kilikuwa mlalo wake. Tunapendekeza, kwa hiyo, mtindo wa uwanda kwa jina la mtindo, na prairi, kwa tahajia yetu, litumike pale tu panapotajwa eneo lenyewe la Amerika. Kuna pingamizi moja tunaloliona: wanafunzi wetu wamezoea utafiti wa uwandani, na mzaha hautakosekana kwamba nyumba hizi ni za watafiti. Mzaha huo una madhara machache kuliko nyika.

Zoezi

Walimu wa tafsiri wanaotaka kuupima uamuzi huu wanaweza kulipa darasa aya ile ya Roosevelt inayoieleza nyumba ya Juja. Wanafunzi wataivuka veranda na mimea yake itambaayo bila shida. Watafika kwenye bustani ya maua. Hapo Roosevelt anawataja Wakikuyu waliokuwa wakiitunza. Hawapi majina, anasema tu kwamba hawakuwa na tabasamu, kisha anawaita kwa lile neno ambalo Wazungu wa wakati wake waliwaitia watu waliowadhani hawana ustaarabu.

Mwanafunzi atatafuta neno la Kiswahili la kulibeba, na atalipata bila kwenda mbali. Atalikuta mshenzi, tayari katika lugha, likiwa limetumiwa mwambaoni tangu zamani kwa mtu anayetoka nyika. Alainishe, aandike watunza bustani wa Kikuyu, na hivyo amsafishe mwandishi? Ama aandike mshenzi, na msomaji wa Ruiru ausikie mdomo wa Roosevelt na wa mwambao ukisema neno moja? Sisi tungeandika mshenzi, tukaweka tanbihi. Darasa lijadili tanbihi hiyo iseme nini.